Mifupa Juu ya Tembe

Elia aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake mkubwa amefariki, sikuuliza alikuwa akiumwa nini. Niliuliza kaburi litachimbwa wapi. Nadhani aliona si swali la kuanzia. Kisha akasema hilo hasa ndilo alilotaka tuzungumze, na kwamba kama naweza kufika kesho asubuhi, hawatachimba mpaka nifike. Naishi peke yangu hapa Manyoni, katika chumba chenye viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea vitabu. Nilibaki kwenye kile cha kukalia, simu imeshakatika, nikiwaza kwamba wengi walioiona siku ile huyo mama mkubwa, Mama Anjelina, alipopanda juu ya nyumba yake na ungo wa mifupa sasa hawapo. Halafu nikafunga begi. Nikaweka na tepu yangu ya kupimia, ingawa hakuna aliyeniomba nije kupima.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na tulikuwa tunachimba lambo la kunyweshea mifugo katika kitongoji kimoja upande wa Sepuka. Kazi yangu ilikuwa kushika mwanzo wa tepu. Mpimaji alisimama upande wenye namba, akasoma, akaandika. Mimi nilisimama upande wa sifuri nikahakikisha hausogei. Wachimbaji waliliona hilo mapema wakaniita Sifuri, na jina likashika kiasi kwamba hata wake zao walinisalimia kwa hilo. Sikuchukia. Lilikuwa neno moja ambalo wote tulilielewa sawasawa. Mengine hayakuwa hivyo. Mimi nilitoka kwenye Kigogo na Kiswahili cha stesheni. Wao walizungumza Kinyaturu tangu asubuhi, wakaja kwenye Kiswahili wakiwa na jambo na mimi au na serikali, wakimaliza wanarudi kwenye lugha yao. Mtu akikaa hivyo miezi anajifunza kusikiliza sauti badala ya maneno. Nilijua nani amekasirika na nani anatania, lakini sikujua kwa nini.

Nilipangishiwa chumba kwa Mama Anjelina kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na kazi na haikuwa na watoto. Ilikuwa tembe ya zamani: kuta za miti na udongo, juu boriti, fito, kisha udongo tena uliosawazishwa, hivyo paa lenyewe ni kama uwanja wa pili. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi wa maji na tundu la mwanga lisilozidi kiganja. Hata mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi. Juu ya kichwa changu ndipo alipoanika kila kitu alichotaka kidumu: uwele, majani ya mlenda, viazi vilivyochemshwa na kukatwa vipande, mbegu za maboga. Chakula cha miezi mibaya hutengenezwa huko juu. Kitu kikishaoshwa na kupigwa na jua, watu wa kule wanakihesabu kimeokoka. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, yeye upande wa mafiga na mimi kwenye kigoda karibu na mlango, na mara nyingi hatukusema neno mpaka sahani zimeoshwa. Sahani zilikuwa tatu. Ya tatu aliiosha bila kuwa imeliwa.

Sahani hiyo ilikuwa ya Petro, mume wake. Niliyajua ya Petro kidogo kidogo, kutoka kwa wachimbaji wakati wa uji. Miaka mingi nyuma, Mama Anjelina akiwa bado mke kijana, ng'ombe walipotea katika masika makubwa, Petro akaenda kuwatafuta na hakurudi. Wengine walisema alichukuliwa na maji akivuka korongo. Wengine walisema yuko Itigi na mwanamke mwingine, na kila baada ya miaka michache alitokea mtu aliyedai amemwona sokoni huko, mara mnene, mara mgonjwa. Daudi, mdogo wake Petro, aliamini haya ya Itigi. Zamani nilidhani alikuwa mtu mgumu. Sasa naona kwamba kwake kaka aliyeko Itigi alikuwa bora kuliko kaka aliyeoza korongoni, hata kama yule wa Itigi hana haya. Lakini kati ya hadithi hizo mbili alikaa Mama Anjelina. Hakuwa mjane, kwa sababu hakuna aliyezikwa. Hakuwa ameachwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia ondoka. Walimwita mke wa Petro, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba Petro ameenda mashineni kusaga.

Mifupa ilionekana mwishoni mwa kiangazi, tulipofika kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa bondeni unaotuamisha maji. Aliyekuwa na sululu alisimama, akaita wenzake kwa Kinyaturu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nilielewa kila kitu kutoka kwenye sauti tu. Mifupa ilikuwa imelala upande mmoja, rangi ya chai, mingine imeshikana na udongo kama mizizi. Mwenyekiti wa kitongoji alimtuma mtu kwenda polisi. Kabla polisi hawajafika, alifika Mama Anjelina na kitenge begani. Hakuuliza ruhusa. Alishuka shimoni, akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto taratibu, kutoka juu kwenda chini. Katikati palikuwa na nundu, mahali mfupa ulipovunjika zamani ukaunga vibaya. Akarudia kupitisha vidole. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na mimi na mpimaji tusikie:

"Huyu ni Petro. Huu muundi nimeukanda mimi kila baridi ikija."

Hakuna aliyembishia. Hakuna pia aliyemkubalia kwa mdomo. Mwenyekiti alisema mifupa isiguswe, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, kisha akageuka kuongea na mpimaji, na alipogeuka tena Mama Anjelina alikuwa ameshaanza kuikusanya kwenye kitenge, na wanawake wawili wameshuka kumsaidia. Polisi walichelewa siku kadhaa, gari lilikuwa bovu. Katika siku hizo alifanya lile ambalo mwanamke yeyote wa pale angefanya kwa kitu anachotaka kifike mbali kikiwa salama. Alichemsha maji. Aliosha mfupa mmoja mmoja kwa sabuni na kitambaa, akabadilisha maji mpaka yakatoka meupe. Halafu akaipanga kwenye ungo, akapanda ngazi, akaianika juu ya tembe pale alipokuwa akianika mlenda.

Jumapili hiyo sikwenda popote. Nilikuwa nimelala chumbani mchana, nikasikia nyayo zake juu yangu. Vumbi laini lilishuka kutoka kwenye fito likaingia kwenye mstari wa mwanga. Alikuwa anaigeuza, kama unavyogeuza uwele ili upande wa chini nao upate jua, na kila alipogeuza mmoja nilisikia ukigonga ungo kwa sauti kavu. Alikuwa anaongea. Haikuwa sala, mwendo wa sala niliujua. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya nyumbani kwa mtu aliyerudi safari: inapanda kidogo, inacheka kidogo, inalalamikia kitu, inaendelea. Sikuelewa hata neno moja na sikuthubutu kujigeuza, kitanda kisilie. Nimekaa kwenye upweke wa namna nyingi tangu siku ile, lakini kipimo changu kimebaki kilekile: mchana mweupe, mimi chini ya paa, juu ya paa watu wawili wanaongea, na mmoja wao ni mifupa.

Mpelelezi alipofika alikuwa kijana mpole, pengine hakunizidi umri sana. Alitazama ungo, akavua kofia. Akasema, "Mama, mmeisafisha sana."

"Angekwenda mbele ya serikali na matope?" Mama Anjelina akamjibu.

Kijana akafungua mkoba wake. Alieleza kwamba siku hizi kuna kipimo. Atachukua jino la gego na kipande cha mfupa wa paja, vipelekwe maabara mjini, na huko watatafuta vinasaba walinganishe na vya ndugu. Mama Anjelina aliketi kwenye kigoda akafungua mdomo, kwa sababu alikuwa ameona kijiti chenye pamba mkononi mwake na alishaelewa kinaenda wapi. Kijana akamwambia kwa heshima kwamba mate ya mke hayasaidii. Anatakiwa mtu wa damu yake, wa nasaba moja. Alifunga mdomo. Niliiona ile taya ikifungwa. Aliyekuwa ameukanda mguu ule, aliyekuwa ameosha sahani yake miaka yote, mwili wake haukuwa na ushahidi wowote juu ya Petro. Ushahidi wote ulikuwa kwenye shavu la Daudi, ambaye alisimama mlangoni na kusema tangu mwanzo kwamba wanampotezea muda. Hata hivyo alitoa mate. Nataka hilo lijulikane. Aliinama, akafungua mdomo, akatoa.

Mvua zilianza. Kazi ya lambo ilienda mbio ili tuta liwahi kabla ya maji. Mimi niliendelea kushika sifuri na jioni kula mlenda. Mama Anjelina alibadilika kwa jambo moja tu: alianza kuniuliza maswali. Aliniuliza kama hiyo maabara iko ghorofani. Aliniuliza kama jino litasikia uchungu wakilipasua, kisha akacheka mwenyewe kabla sijajibu. Siku moja aliniuliza kama kweli ndani ya mfupa kuna kitu kinachobaki na jina la mtu. Nilimwambia nadhani hivyo. Sikuwa najua chochote. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne na sura ya urithi mwalimu aliiruka. Akasema, "Basi atasema." Akapakua. Jioni hiyo alipakua kwenye sahani zote tatu, na ya tatu akanisogezea mimi nimalizie.

Majibu yalikuja mbuga ikiwa imeshaanza kujaa. Mpelelezi alirudi na mifupa ndani ya boksi, tukakutana ofisi ya kijiji, mvua ikipiga bati. Alisimama akasema kwa uangalifu, na maneno yake nayakumbuka yalivyo: "Maabara imejitahidi. Vinasaba havikupatikana." Wazee waliokuwa nyuma hawakusikia vizuri kwa ajili ya mvua, wakaomba warudiwe. Mmoja wa wajumbe akawatafsiria. Kufikia wakati huo maneno machache ya Kinyaturu yalikuwa yamenikaa, na katika tafsiri yake nilisikia neno la ukoo. Hakuwa na neno jingine la kutumia. Aliyazungusha vile mtu yeyote wa pale angeyazungusha: nasaba ni ukoo, na maabara imesema ukoo haukupatikana. Niliona habari ikipita kutoka uso hadi uso kwenye benchi. Daudi akasimama.

"Basi si wa nasaba yetu. Aliyekufa ni mgeni. Azikwe kama mgeni."

Sijawahi kuwa mtu wa kuongea mbele za watu, lakini niliongea. Nilisema mpelelezi hakusema hivyo. Nilisema hawakulinganisha wakaona tofauti. Hawakupata kitu cha kulinganisha. Ni kama kumwuliza mtu akiwa amezirai: asipojibu hajakataa. Mpelelezi aliitikia kwa kichwa, akajaribu kulieleza tena, lakini mvua ilizidi na wazee walikuwa wameshaanza kuinuka. Daudi alinitazama bila hasira.

"Sifuri," akasema, "wewe shika sifuri yako."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Mama Anjelina alikuwa amekaa karibu na boksi, mkono juu ya kifuniko. Hakulia wala hakubisha. Alimwuliza mpelelezi swali moja tu, polepole: je, ni yale maji ya moto? Kijana wa watu akasema inawezekana, mama, maji na jua huwa vinaharibu. Alisema kweli kadiri alivyojua. Nilimwona Mama Anjelina akilipokea lile jibu. Walizika boksi juu ya tuta, upande usiofikiwa na maji, na msalaba usio na jina. Kesho yake sahani ya tatu haikuwepo kwenye kichanja. Kazi ilipokwisha niliaga, akanifungia vile viazi vyake vikavu kwenye gazeti. Hatukulizungumza.

Sikuwa na elimu ya kunipeleka kwenye jambo lile, kwa hiyo nililifuata mwenyewe. Nilianza na kitabu cha kidato cha nne cha mitumba, nikaenda kwenye vingine vikubwa zaidi nikiwa na kamusi, na simu za kisasa zilipokuja nikasoma humo. Nilitaka jibu la swali moja: kile kilichomo ndani ya mtu hudumu muda gani baada ya mtu. Nitalieleza kwa kifupi nilivyolielewa. Vinasaba ni mnyororo mrefu sana. Mtu akiwa hai mnyororo unakatika kila siku na mwili unauunga. Akifa hakuna wa kuunga. Maji yanakata, joto linaharakisha, vijidudu vya udongo vinakula, na kinachobaki ni vipande vinavyozidi kuwa vifupi mpaka hakuna kinachosomeka. Hakuna umri mmoja uliopangwa. Kwenye nchi za barafu isiyoyeyuka, mnyama aliyekufa kabla hajawepo binadamu wa kumwita jina bado anaweza kusomwa. Kwenye nchi ya joto, katika udongo wa mbuga unaolowa kila masika na kupasuka kila kiangazi, maisha ya mtu mmoja yanaweza kutosha kufuta kila kitu. Jino ni ghala zuri kuliko mfupa, lakini ghala likijaa maji kila mwaka halihifadhi. Na maabara za wakati ule zilihitaji vipande virefu. Za leo zinaweza kusoma vifupi zaidi. Kwa hiyo maji ya moto ya siku moja, na jua la siku chache juu ya tembe, ni kitu kidogo mbele ya masika yote yale. Siwezi kusema havikuchangia. Naweza kusema kwamba karibu kazi yote ilikuwa imeshafanyika kabla sululu haijagusa.

Nilipokuwa na uhakika huo nilipanga safari kwenda kumwambia. Alikuwa amezeeka, amepungua, na Daudi alikuwa amekwishafariki. Elia, mtoto wa Daudi, ndiye aliyemlimia na kumletea kuni. Tembe ilikuwa imeezuliwa nusu na kuwekwa bati. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, taratibu zaidi, nikitumia udongo wa uani kumwonyesha. Nilimwambia si maji yako, mama. Yalikuwa maji ya mbuga. Nilikuwa nimeibeba habari hiyo miaka, nikidhani ni zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikaza macho kwenye udongo mkononi mwangu.

"Mgogo wangu," akasema, "walichukua mate ya Daudi. Walichukua jino. Mimi hawakuchukua kitu. Hilo la maji ndilo langu. Usiniondolee."

Nikaurudisha udongo chini. Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ileile niliyoisikia kutoka chini ya paa. "Hata kama sikuharibu, nilimwosha. Hakuna mtu anamwosha mgeni hivyo."

Sina mtoto. Ninaposoma habari za vipande vinavyozidi kuwa vifupi, wakati mwingine nawaza kwamba mnyororo wangu utakatikia hapa Manyoni kati ya viti viwili, na wazo hilo halinitishi kama nilivyotegemea. Namkumbuka mwanamke ambaye hakuwa na nasaba na mtu yeyote katika kitongoji kile, si kwa Petro, si kwa Daudi, si kwa Elia, na hao ndio watu wake.

Nilifika asubuhi. Wanawake walikuwa wanapika, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai. Waliokuwa vijana siku zile sasa wana mvi, na wawili walinikumbuka. Mmoja akasema, "Shikamoo Mzee Sifuri," kwa utani na kwa heshima vikiwa pamoja. Elia alinichukua kando, nyuma ya kile kipande cha tembe kilichobaki. Alisema mama mkubwa aliomba azikwe nyumbani, na Petro aletwe pembeni yake. Ameshaongea na mwenyekiti na katekista, wote wamemwambia ni juu ya ukoo, na ukoo sasa ni yeye. Wazee wawili wamemkumbusha kwamba kipimo kilimkataa yule mtu. Akaniuliza, kwa kuwa nimesoma mambo haya, sayansi inasemaje.

Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba tunaweza kufukua na kujaribu tena na mate yake yeye, maana yeye ni damu ya Petro. Kwamba mifupa imelala tena miaka mingi kwenye tuta, na kuna uwezekano mkubwa jibu liwe kimya kilekile. Kuhusu nundu ya kwenye muundi nilimwambia ni dalili nzuri, lakini wachungaji wengi huvunjika miguu. Sikumwongezea wala kumpunguzia.

"Kwa hiyo sayansi haijui," akasema.

"Haijui."

"Na wakati ule?"

"Wakati ule pia ilisema haijui."

Elia alitazama kule kwenye tuta. Lambo lilikuwa limejaa na ng'ombe walikuwa wanakunywa. "Baba alisikia hapana," akasema. Hakusema kwa kulaumu. Akageukia vijana waliokuwa wameshika majembe wakisubiri, akawaambia kwa Kinyaturu maneno machache. Nilielewa yote: makaburi mawili.

Halafu akaniuliza yakae umbali gani. Nikatoa tepu kwenye begi, nikampa Elia upande wenye namba. Mimi nikapiga goti pale ambapo Mama Anjelina angelala, nikashika sifuri.